Kwa nini Lamu Mashariki ina mbunge wake peke yake?

Kwa muda mrefu swali hili nilikuwa nikilijibu kabla mtu hajamaliza kuliuliza. Inakuwaje eneo bunge hili la pwani ya Kenya, lenye watu 22,258 kwa hesabu ya sensa ya 2019, limpeleke mbunge mmoja Nairobi sawasawa na maeneo bunge yenye watu zaidi ya laki mbili? "Ni visiwa," nilikuwa nikisema. "Sheria imewaonea huruma watu wa visiwani." Jibu fupi, la upole, na si la kweli.

Nilikuwa na kosa la pili, dogo lakini la aibu zaidi. Nilidhani mji wa Lamu, ule wa vichochoro na milango ya nakshi, umo ndani ya Lamu Mashariki. Haumo. Wadi za Mkomani na Shella ziko Lamu Magharibi, pamoja na Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari za bara. Lamu Mashariki ina wadi tatu tu: Faza, Kiunga na Basuba. Ni kisiwa cha Pate na miji yake ya Faza, Siyu na Kizingitini, visiwa vya Ndau na Kiwayu, kisha ukanda wa bara unaopanda kupitia msitu wa Boni hadi mpaka wa Somalia. Kwa hiyo hata lile neno "visiwa" lilikuwa nusu ya habari, maana sehemu kubwa ya ardhi ya eneo bunge hili haijazungukwa na maji.

Lakini tushike kosa kubwa, kwa sababu nimelisikia kwa wengi. Kama visiwa vingekuwa na haki ya mbunge wao, Rusinga na Mfangano katika Ziwa Victoria vingekuwa na wa kwao pia. Havina. Ni wadi mbili ndani ya Suba Kaskazini, na zinapigia kura mbunge mmoja pamoja na wenzao wa nchi kavu. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 89 kinachohusu mipaka, inataja mambo ya kuzingatiwa: sura ya nchi na miji, maslahi ya pamoja ya jamii, historia, uchumi, utamaduni, na njia za mawasiliano. Kisiwa kinaweza kujipenyeza chini ya "sura ya nchi", lakini hakitajwi kama kitu chenye tiketi yake.

Ushahidi ulioniangusha kabisa ulitoka mbali na bahari. Katika mapitio ya mipaka ya 2012, Lamu Mashariki haikuwa peke yake chini ya kiwango cha watu kilichotakiwa. Ilikuwa kwenye kundi la maeneo bunge zaidi ya 20, na humo walikuwemo Kangema na Mathioya za Murang'a, na Othaya, Tetu na Mukurweini za Nyeri. Hizo ni nyanda za juu zenye vijiji vilivyobanana, ambako hata mtu mwenye huruma nyingi hawezi kuona kisiwa. Kama kulikuwa na upendeleo, basi haukuwa wa watu wa pwani.

Sasa jibu lenyewe, ambalo linaanza na kugawanya.

Kenya ilianza 1963 na maeneo bunge 117. Seneti ilipovunjwa na kuunganishwa na Bunge, viti vyake 41 havikutupwa, viliongezwa, tukawa na 158. Baadaye yakawa 188, kisha 210 kufikia uchaguzi wa 1997. Katiba ya 2010 ikaandika 290 na kuifunga namba hiyo ndani ya Katiba yenyewe. (Watanzania huita eneo bunge "jimbo". Kwetu Kenya neno hilo bado linanukia siasa za majimbo za 1963, yaani za kuipa mikoa serikali zake, kwa hiyo tunalizunguka.)

Chukua idadi ya wakazi wote wa Kenya, ugawe kwa 290. Wakazi, si wapiga kura. Mtoto aliyezaliwa jana anahesabiwa sawa na bibi yake mwenye kitambulisho. Sensa ya 2009 ilipata watu 38,610,097, na ukigawanya unapata takriban 133,138. Namba hiyo tuiite mgao.

Fikiria bandari yenye shehena ya magunia na mashua 290. Mgao ni mzigo ambao kila mashua ingebeba kama zote zingesafiri safari moja. Lakini hazisafiri safari moja. Moja inavusha watu ng'ambo ya ghuba tulivu na kurudi kabla chai haijapoa, nyingine inakwenda siku mbili na kaskazi usoni. Huwezi kuzijaza sawa. Basi ubavuni mwa kila mashua zinachorwa alama mbili. Alama ya juu inasema: maji yakifika hapa, umezidisha mzigo. Ya chini inasema: ikielea juu zaidi ya hapa, mzigo ni mdogo mno, haifai kutumia nahodha mzima.

Kwa maeneo mengi ya Kenya alama hizo ziko asilimia 30 juu na asilimia 30 chini ya mgao. Kwa miji mikuu na kwa maeneo yenye watu waliotawanyika, ni asilimia 40. Hapa nakiri kufurahia kidogo, kwa sababu sheria imeweka Nairobi na nyika katika fungu moja bila kusema nani aelekee wapi. Kila mtu anaelewa kwamba jiji lipakizwe zaidi na nyika ipunguziwe, lakini maandishi yanaruhusu pande zote mbili.

Tujaribu alama hizo kwa Embakasi ya zamani, jijini Nairobi. Sensa ya 2009 iliikuta na watu 925,775, na mbunge mmoja. Ukiweka kando ya Lamu Mashariki, iliyokuwa na watu 18,841, mkazi mmoja wa kule alikuwa na uzito bungeni kama wakazi 49 wa Embakasi. Alama ya juu ya jiji ilikuwa watu 186,393. Ukiigawa Embakasi kwa nne, kila kipande kina zaidi ya 231,000, na hizo ni mashua nne zinazozama. Ukigawa kwa tano unapata wastani wa 185,155, chini ya alama kwa watu elfu moja na mia kadhaa. Na kweli ilikatwa vipande vitano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Hiyo ni hesabu ya karatasi tu, kwa sababu vipande halisi havikutoka sawa, lakini inaonyesha kwa nini nne zisingetosha.

Geuza sasa upande wa chini. Hata kwa ulegevu wa asilimia 40, eneo bunge la 2012 lilihitaji angalau watu 79,883. Lamu Mashariki haikufika robo ya hapo. Kwa alama peke yake, ilipaswa kuunganishwa na jirani yake.

Haikuunganishwa, na sababu imejificha nyuma kabisa ya Katiba, katika Jedwali la Sita, mahali panapowekwa masharti ya mpito ambayo watu wengi hawafiki. Kifungu cha 27 cha jedwali hilo kinasema mapitio ya kwanza chini ya Katiba mpya yasisababishe kupotea kwa eneo bunge lililokuwepo Katiba ilipoanza kutumika. Yaani mashua zilizokuwa tayari majini siku alama zilipochorwa ziliachwa zimalize safari. Zote 210 zililindwa, za pwani na za milimani, kubwa na ndogo. Nafasi 80 mpya ndizo zilizogombaniwa. Lamu Mashariki iliokolewa na tarehe, si na visiwa vyake.

Sharti hilo lilisema mapitio ya kwanza. Ya pili hayakutajwa.

Na tangu hapo mambo yamekuwa magumu zaidi kwa namna isiyo ya kawaida. Kati ya sensa mbili, watu wa Lamu Mashariki waliongezeka kwa karibu asilimia 18, kutoka 18,841 hadi 22,258. Lakini Kenya nzima iliongezeka kwa takriban asilimia 23, ikafika 47,564,296, na mgao ukapanda hadi 164,015. Alama ubavuni hazikai mahali pamoja, hupanda kila shehena ya nchi inapokua. Lamu Mashariki ilikua na bado ikarudi nyuma: kutoka asilimia 14 ya mgao hadi kama 13 na nusu.

Hata kaunti nzima inashangaza. Lamu yote, Mashariki na Magharibi pamoja, ilihesabiwa watu 143,920. Hiyo haifiki mgao mmoja, ingawa iko juu ya alama ya chini bila shida. Kwa hesabu tupu, kaunti nzima ni eneo bunge moja la kawaida kabisa. Kwa sasa ina mawili.

Hesabu tupu, lakini, ina nyufa zake. Sensa huhesabu mtu mahali alipolala usiku mmoja wa Agosti, na vijiji vya Basuba vimeishi miaka mingi chini ya kivuli cha operesheni za usalama katika msitu wa Boni. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ilibatilisha matokeo ya sensa ya 2019 kwa sehemu za Garissa, Wajir na Mandera. Jumla ya nchi ikibadilika, mgao hubadilika, na alama za mashua zote 290 husogea nao. Kisha kuna wanaotaka kuongeza mashua badala ya kupunguza: mswada wa BBI wa kurekebisha Katiba ulipendekeza maeneo bunge mapya 70, ukaanguka mbele ya Mahakama ya Juu Machi 2022.

Mapitio ya pili yenyewe yamechelewa. Katiba inataka yafanyike kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Kipindi hicho kilikwisha Machi 2024, wakati Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na kamishna hata mmoja. Viti hivyo vilikaa wazi tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Na kuna kipengele kingine kidogo katika kifungu kilekile cha 89: mipaka mipya ikikamilika ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, haitumiki katika uchaguzi huo. Unaofuata ni wa Agosti 2027. Mapitio yasipokuwa yamefungwa kufikia Agosti 2026, Faza, Kiunga na Basuba zitapiga kura tena kama eneo bunge moja, na mbunge wao peke yao.