Msimbopau wa vinasaba: jina la funza asiye na sura

Pasua embe la Kyela pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, ukute funza mweupe anajikunja kisha anaruka. Muuzaji atakuchagulia jingine na mambo yataishia hapo. Mkaguzi wa afya ya mimea haachiwi kirahisi hivyo. Yeye lazima ataje ni nzi yupi aliyetaga humo.

Nzi mzima hutambulika kwa madoa ya mabawa, mistari ya mgongo na rangi ya miguu. Funza hana chochote cha hayo, na wa spishi hii hufanana na wa spishi ile karibu kwa kila kitu. Zamani dawa ilikuwa kumlea: unamweka kwenye mchanga ajigeuze pupa, yaani bumba la kutulia kabla ya kuwa nzi, unangoja nzi atoke. Kwenye joto la Kyela hizo ni wiki mbili au tatu. Kwenye baridi ya Mbeya mjini utangoja zaidi, na akifa umerudi mwanzo. Shehena ya matunda haina subira hiyo.

Msimbopau wa vinasaba ni kipande kifupi cha DNA, herufi kama 650, kinachosomwa mahali palepale kwa kila mdudu, kisha kulinganishwa na maktaba ya vipande vya wadudu ambao majina yao yanajulikana. Jina limeazimwa kwenye ile mistari myeusi nyuma ya pakiti ya sabuni. Wazo hilo lilitangazwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Kwa wanyama, kipande chenyewe hutoka kwenye jeni liitwalo COI, lililo ndani ya mitokondria, vile vijumba vidogo vya seli vinavyozalisha nishati. Kwa kuwa kila seli ina mitokondria nyingi, hata mguu mmoja wa nzi mkavu unatosha kupimwa.

Mkulima wa mapera Rungwe anahusikaje? Kwa mtego. Dume wa nzi wa matunda wa Asia, Bactrocera dorsalis, hufuata harufu ya kemikali iitwayo methili eujenoli kama mlevi anavyofuata ulanzi. Madume wengi wa jamaa ya Ceratitis, nzi wa matunda wenyeji wa Afrika, hawana habari nayo. Wao wana vivutio vyao. Ukikosea jina la funza, utatundika mtego usio wake, utaukuta mtupu, nawe utajipongeza kwamba shamba ni safi huku matunda yanadondoka.

Huyo wa Asia ana kisa chake. Alionekana Kenya mwaka 2003, na Tanzania mwaka huohuo. Mwaka 2005 akapewa jina la spishi mpya, Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Lakini kila vipande vyake vya vinasaba vilipowekwa kando ya vile vya dorsalis, havikuachana. Vipimo vya kupandana navyo vikaonyesha kwamba wawili hao huzaa pamoja bila shida. Mwaka 2015 jina la invadens likafutwa. Ni dorsalis yuleyule. Binafsi naona hapo msimbopau haukushindwa. Ulikuwa ukisema ukweli ambao watu walikuwa bado hawajaukubali.

Kushindwa kwake kuko kwingine, na kunatuhusu zaidi sisi wa nyanda za juu. Nzi wa kundi la Ceratitis rosa waliwahi kugawanywa katika aina mbili, mmoja wa joto na mwingine anayestahimili baridi. Huyo wa baridi alipewa jina lake, Ceratitis quilicii, mwaka 2016. Ukisoma COI peke yake, kundi hili huchanganyika. Isitoshe, mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo spishi mbili zilizo karibu zikipandana, msimbopau utakutajia ukoo wa mama na kunyamaza kuhusu baba.

Kwa hao, maabara husoma alama nyingine nyingi za vinasaba zilizo kwenye kiini cha seli, ambako baba naye ameacha chake. Na akipatikana dume mzima, mtu wa darubini huitwa tena, aangalie rangi na manyoya ya miguu yake ya kati.