Mama kunyamaza si uzee

Hapa kliniki Kisumu hakuna kauli inayonichosha kama hii: "Daktari, huyu ni uzee tu." Anayeisema aghalabu ni mtoto aliyemleta mama kutoka Nyakach au Seme, na mama mwenyewe ameketi pembeni hajaulizwa lolote. Amekonda, usiku halali, kanisani haendi tena, kuku amewaachia majirani. Mkoba wake umejaa dawa za maumivu, na ameshatibiwa malaria na taifodi mara kadhaa.

Uzee hauleti hayo. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ni ugonjwa kwa mtu wa miaka 75 sawa na kwa wa miaka 25, na hutibika. Ila mzee ni nadra akwambie ana huzuni. Atasema mgongo unauma, mwili unawaka moto, kichwa kizito. Au ataanza kusahau, na nyumba nzima iamini akili imechoka. Hali ikidumu wiki 2, mlete, na uje na dawa zote anazomeza, mitishamba ikiwemo. Tutampima damu pia, maana upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo hufanana sana na sonona. Usimnunulie amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, dukani kwa sababu ilimsaidia shangazi: humpa mzee kizunguzungu anapoinuka, akaanguka, akavunjika nyonga. Na nikimuuliza mama swali, tafadhali mwache ajibu mwenyewe.

Kuna kauli nyingine tatu ninazozisikia. "Haya ni magonjwa ya vijana." Wengine hunitajia takwimu za Marekani: kati ya 2019 na 2021, waliopata matibabu ya afya ya akili wenye miaka 18 hadi 44 walipanda kutoka asilimia 18.5 hadi 23.2, wakati wa miaka 45 kwenda juu hawakubadilika kwa kiasi cha maana. Sawa, lakini hao ni waliotibiwa. Waliougua wakanyamaza hawamo.

"Dawa hizi ukianza huachi." Dawa za sonona hazileti uraibu. Huchukua wiki kadhaa kushika, humezwa angalau miezi 6 baada ya nafuu, kisha tunazipunguza polepole. Wengi huziacha wiki ya pili, kabla hazijafanya kazi yoyote, halafu wanasema zimeshindwa.

"Ukikiri ulijaribu kujiua utashtakiwa." Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Tuambieni waziwazi, na dawa za kuua wadudu wa shambani zilizo nyumbani zihamishiwe kwa jirani siku hiyo hiyo.