Kabla hujauza kiwanja kulipia ada ya chuo kikuu binafsi

Kila majina ya waliochaguliwa vyuo vikuu yanapotoka, foleni kwenye dirisha letu la mikopo hapa SACCOS hubadilika sura. Wafanyabiashara hupungua, wazazi huongezeka. Mmoja wao, mama anayeuza mchele hapa Morogoro, alinifungulia bahasha ya kaki mezani. Ndani mlikuwa na fomu ya binti yake ya kujiunga na chuo kikuu binafsi, na hati ya kiwanja cha Kihonda.

"Baba, mteja wa kiwanja nimeshampata," akaniambia. "Mniongezee kidogo tu, ada itimie."

"Sawa mama. Kiwanja ni cha mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili tutauza nini?"

Alinyamaza muda mrefu. Makala hii ni kwa ajili yake, na kwa wazazi wote wanaoibeba bahasha kama ile.

Kwanza tuondoe dhana kwamba chuo binafsi ni cha walioshindwa. Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki kilianza mwaka 1997, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) cha Mwanza mwaka 1998, na wahitimu wa vyuo vya namna hiyo leo wanatutibu, wanatutetea mahakamani na kutufundishia watoto. Shahada ya chuo kinachotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni shahada halali, awe mmiliki ni serikali, kanisa au taasisi ya Kiislamu. Kwa hiyo kubishana "binafsi au serikali" hakutufikishi mbali. Muulize mwanao: kozi hii, katika chuo hiki, kwa bei hii, inakupeleka wapi?

Chukua ualimu. Anayelenga kuajiriwa serikalini na shahada ya ualimu huanzia TGTS D, moja ya ngazi za mishahara ya walimu wa serikali, na aliyesoma chuo cha ada kubwa analipwa sawa na aliyesoma cha ada ndogo. Hapo sioni sababu ya kulipa mamilioni ya ziada ikiwa kuna chuo cha bei nafuu kinachotambuliwa. Mwenye stashahada huanzia TGTS C, ngazi moja chini, kwa hiyo hata njia ya kuanza na stashahada, kufanya kazi, kisha kujiendeleza, inafaa kupigiwa hesabu.

Kozi nyingine zina gharama inayosubiri baada ya joho. Mhitimu wa sheria anayetaka uwakili lazima apite Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo. Mhasibu atadaiwa CPA, yaani sifa ya kitaaluma inayopatikana kwa mitihani ya bodi ya wahasibu (NBAA). Daktari husoma miaka mitano, kisha mwaka wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Wazazi wengi huziona gharama hizi zikiwa zimeshafika mlangoni.

Sasa tushike kalamu. Hizi ni namba za mfano; weka za kwako. Ada 2,000,000 kwa mwaka. Michango ya usajili, bima ya afya, kitambulisho na mitihani 300,000. Chumba cha 50,000 kwa miezi kumi, 500,000. Nauli, bando, kuchapa kazi na nyongeza ya chakula 1,200,000 (nasema nyongeza kwa sababu hata nyumbani angekula). Jumla milioni 4 kwa mwaka, milioni 12 kwa miaka mitatu. Bado kuna kipato alichokiacha: kama angesaidia dukani akaingiza 100,000 kwa mwezi, ni 3,600,000 nyingine. Tumefika 15,600,000. Shahada ikimwongezea 200,000 kwa mwezi juu ya kile ambacho angepata bila hiyo, itamchukua miezi 78 kurudisha fedha hiyo, yaani miaka sita na nusu ya kazi. Na miezi hiyo inaanza kuhesabiwa siku anapopata kazi. Akikaa miaka miwili mtaani akituma maombi kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, hesabu inamsubiri.

Angalia pia anakolala. Mtoto wa hapa Morogoro anayesoma Chuo Kikuu cha Waislamu akitokea nyumbani anaweza kumgharimu mzazi pungufu kuliko akienda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa ada ndogo huku analipa chumba, nauli na chakula cha kununua. Ada ni mstari mmoja tu wa hesabu.

Kuhusu mkopo, nasema nikiwa mtu wa mikopo: anzeni Bodi ya Mikopo (HESLB) kabla ya kuja kwetu. Inakopesha hata wa vyuo binafsi wenye sifa. Ile tozo ya 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, wakati mkopo wetu una riba na marejesho yanaanza mapema. Ila mtoto ajue kwamba akiajiriwa atakatwa 15% ya mshahara: kwenye 700,000 ni 105,000 kila mwezi mpaka deni liishe.

Katika yote niliyoyaona, kinachoniuma zaidi ni mtoto kuishia njiani. Ada ya mwaka wa pili haijakamilika, anazuiwa kufanya mtihani, anaahirisha mwaka, harudi. Kiwanja kimeshauzwa, shahada hakuna, na kwenye maombi ya kazi ataandika kidato cha sita. Ada kubwa iliyolipwa mpaka mwisho ina nafasi ya kurudi. Ya nusu safari imepotea yote.

Hakikisheni pia TCU inakitambua chuo na kozi yenyewe, kwa kuangalia kwenye tovuti yake au mwongozo wa udahili wa mwaka huo. Mwaka 2017 tume hiyo ilizuia vyuo vikuu 19 kudahili wanafunzi wapya. Kwa kozi za afya, sheria na uhandisi, ulizeni pia bodi au baraza la taaluma.

Yule mama alipiga simu chuoni akiwa pale pale mezani kwangu. Aliuliza ada ya mwaka wa tatu, kama huwa inapanda kwa wanaoendelea, inalipwa kwa awamu ngapi, na mwanafunzi akikwama mwaka mmoja anapokelewa tena kwa masharti gani. Majibu aliyaandika nyuma ya ile bahasha, akarudisha hati ndani, akasema anakwenda kukaa na binti yake kwanza.