Kienyeji si Asili

Muuza kuku mmoja sokoni alinihakikishia juzi kwamba majogoo wake ni "wa kienyeji, yaani asili yao ni hapahapa, hawakuletwa na mtu." Wiki hiyohiyo, katika semina ya wajasiriamali, mwezeshaji aliwataka akina mama waache kuweka fedha zao "kienyeji" kwenye upatu, waende benki. Mmoja alilifanya neno hilo kuwa cheti cha mahali pa kuzaliwa, mwingine akalifanya jina la uzembe, na nimeyasikia matumizi yote mawili mara nyingi mno kuyaacha yapite.

Kienyeji ni namna ya wenyeji: jinsi watu wa mahali wanavyoishi, wanavyofuga, wanavyopika na wanavyokopeshana. Ki- iliyomo ni ile ya kitoto, kiume na kizungu. Hueleza namna ya jambo, wala haisemi jambo hilo lilitoka wapi.

Kinachopotea katika matumizi haya ni tofauti ya mwenyeji na mzawa. Ndani ya mwenyeji mna mwenye, na wengi hulifasiri neno zima kuwa ni mwenye mji: yule akaaye mahali, ajuaye njia zake, ampokeaye mgeni. Ni kweli kwamba mtu husema "mimi ni mwenyeji wa Tanga" akimaanisha kwao ni Tanga. Lakini mtu huyohuyo akihamia Songea, akajenga, akazika na kuozesha watoto huko, atasema bila kusita, "Sasa nimekuwa mwenyeji." Hakuna asemaye "nimekuwa mzawa." Uzawa mtu huja nao, ilhali uenyeji hupatikana kwa kukaa na kushiriki, na ndiyo maana wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asili nayo ni neno jingine kabisa, tulilolipata kwa Waarabu likiwa na maana ya shina na chanzo, na chanzo hakibadiliki hata mtu akikaa miaka mia.

Tumwangalie kuku mwenyewe. Asili yake ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Mifupa iliyochimbuliwa Ban Non Wat, katikati ya Thailand, ambayo ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo, inahesabiwa miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa kuku wa kufugwa, na wataalamu wanaona kwamba mashamba ya mpunga na nafaka nyingine ndiyo yaliyomvuta ndege huyo kutoka msituni hadi uani. Pwani yetu ilimpata kupitia Bahari ya Hindi. Katika bandari ya kale ya Unguja Ukuu, wanaakiolojia wamepata mifupa ya kuku na ya panya weusi, mmoja akiwa mgeni aliyebebwa kwa makusudi na mwingine aliyejificha chomboni. Kuku wa kienyeji basi ni yule anayechakura nyuma ya jiko, anayeshindana na wenzake kwa kumbikumbi mvua ikikatika, anayelala juu ya mwembe na kuatamia mayai yake mwenyewe. Uenyeji wake umo katika maisha hayo, na ni wa haki.

Ndege mwenye asili ya Afrika ni kanga, na hakuna amwitaye kanga wa kienyeji. Punda pia ni wa bara hili, amefugwa hapa kwa maelfu ya miaka. Waliotutangulia walikuwa waangalifu zaidi yetu: bata bukini walimpa jina la Bukini, yaani Madagaska, na jina hilo halikumzuia kuwa mwenyeji wa ua wowote.

Kwenye fedha mkanganyiko ni uleule. Benki ni neno la Kiitaliano lililotufikia kupitia Kiingereza, na chanzo chake ni benchi au meza ya mbadilisha fedha. Hundi tuliipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na leo hakuna anayeona ugeni ndani yake. Upatu ndio tunaouita wa kienyeji, lakini hata huo una ndugu zake kila upande: Wahabeshi wana ikub, Wakongo wana likelemba, Wanyarwanda wana ibimina.

Jirani yangu ni kijumbe, yaani msimamizi wa upatu. Daftari lake ni la hesabu, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, na ndani yake mna majina kumi yaliyopangwa kwa zamu. Kila Jumamosi kila mmoja huleta shilingi 20,000, na mwenye zamu huondoka na 200,000. Anayetaka kubadilishana zamu kwa sababu ya ada ya mtoto huomba mapema, mbele ya wote, na asiyeleta, kijumbe humfidia kwanza, kisha humfuata nyumbani kabla ya magharibi. Siwezi kuelewa ni nini hapo kinachoitwa kufanya mambo kienyeji kwa maana ya kutokuwa na utaratibu. Linaloniudhi zaidi ni magazeti kuuita upatu ule utapeli wa kuwalipa wa kwanza kwa fedha za wanaojiunga baadaye. Katika upatu watu ni walewale tangu mwanzo hadi mwisho, wanafahamiana, na kila mtu hupokea kiasi kilekile alichotoa.

Muuza kuku aendelee kuwaita kuku wake wa kienyeji, maana neno hilo ni lao. Aondoe tu yale ya asili yao kuwa hapahapa, ayaweke akiba kwa siku atakayoleta kanga sokoni. Na mwezeshaji, ambaye najua aliwatakia mema akina mama wale, angewaambia kwamba fedha za upatu hazina bima kama amana za benki, na kwamba kijumbe akitoroka ni vigumu kuzipata. Hilo ni kweli, na jirani yangu angelikubali kabla hajamaliza kulisema.