Shambulio la kuwinda ni nini?

Aliyekulia mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, hahitaji kufundishwa kwamba kiboko na mamba wote wanaua. Anajua pia, hata kama hajawahi kulipa jambo hilo jina, kwamba hawaui kwa sababu moja. Kiboko ni mla majani. Akiupasua mtumbwi, ni kwamba mmemwingilia. Akikukanyaga alfajiri, ni kwamba umesimama kati yake na maji wakati anarudi kutoka malishoni. Mamba hana ugomvi na wewe. Ana njaa tu.

Hilo la mamba ndilo huitwa shambulio la kuwinda: mnyama anamwendea binadamu kama kitoweo. La kiboko ni shambulio la kujihami. Maiti haitakuonyesha tofauti kila mara. Tofauti iko kabla ya jino kugusa nyama, na kinga nayo iko hapohapo.

Anayejihami anataka ujue kwamba amekasirika. Kiboko hupanua kinywa, hukoroma, hurusha maji. Mwindaji hapigi hodi. Ziwa Victoria likiwa shwari pale visiwani Kome au Ukerewe, utaona vinundu vya macho na ncha ya pua, kisha vinazama bila hata kiwimbi. Watu humwogopa mamba wanayemwona. Mimi namwogopa yule aliyekuwa akionekana dakika mbili zilizopita.

Dhana hii imechambuliwa sana kwa dubu. Afrika haina dubu wa porini siku hizi, lakini Kanada na Alaska wapo, na huko wapima madini na wakata miti hulala kambini wiki nzima nzima mbali na mji. Stephen Herrero wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake walichunguza vifo vilivyosababishwa na dubu weusi wa porini Amerika Kaskazini kuanzia 1900 hadi 2009. Walihesabu watu 63, na katika visa karibu tisa kati ya kumi dubu alikuwa akiwinda. Tena mara nyingi alikuwa dume aliye peke yake, si mama mwenye watoto kama wengi walivyodhani.

Dubu anayejihami hufoka, hupiga chini kwa mguu, hugonganisha taya. Anayewinda hunyamaza, hufuata nyayo, huzunguka, na ukimfukuza anarudi. Ndiyo maana ushauri unageuka kabisa. Dubu wa kahawia mwenye watoto akikuangusha, unalala kifudifudi, mikono kisogoni, unajifanya umekufa, naye akiridhika kwamba hatari imekwisha huondoka. Mweusi anayewinda ukimfanyia hivyo umemwandalia meza. Huyo unampiga kwa chochote kilicho mkononi, usoni na puani. Kuna pia dawa ya pilipili ya kopo, inayopuliziwa akiwa bado mita kadhaa mbali, na imezuia mashambulio mengi. Kwa mamba wetu kopo hilo ni takataka, maana anakushika akiwa chini ya maji. Aliyekwisha kushikwa hubakiwa na kuyashambulia macho yake.

Jambo la pili kuhusu mwindaji ni kwamba anajifunza ratiba. Kambi ya kazi ni watu wengi, mahali pamoja, saa zilezile, pamoja na harufu ya chakula. Mwaka 1898 simba wawili waliwala vibarua wa daraja la Tsavo kwenye ile reli iliyokuja kufika Kisumu, ufukweni mwa ziwa letu hilihili, mwaka 1901. Vibarua walizungushia kambi maboma ya miiba, simba wakapenya.

Sasa itazame kambi ya dagaa kwa jicho la mamba. Mitumbwi inatoka na taa zake usiku wa giza, inarudi alfajiri. Kina mama wa kuanika wanaipokea wakiwa ndani ya maji ya magoti. Samaki wakubwa wanaparwa palepale, matumbo yanatupwa palepale, masufuria yanaoshwa palepale, na jioni watu wanaoga palepale. Ni kibanda cha mama lishe kisichofunga.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kuivuruga ratiba hiyo: matumbo yafukiwe mbali na maji, kuoga kuhamie nchi kavu, na usiku tochi imulike maji kabla ya mguu kuingia, kwani macho ya mamba hung'aa mekundu. Kinga ya pili ni kizimba, yaani nguzo na wavu wa chuma vilivyozungushiwa sehemu ya kuchotea maji. Baadhi ya vijiji vya mwambao vimejengewa. Ila kizimba kilichopimwa kwa maji ya kiangazi kinazama ziwa likipanda kama lilivyopanda 2020, na wavu ukitoboka ni hatari kuliko kutokuwapo, maana watu wanaoga humo kwa amani.

Kinachoniudhi ni kwamba mambo haya huachiwa ushujaa wa mtu mmoja mmoja. Tajiri wa mitumbwi anapiga hesabu ya injini, nyavu na mafuta. Nguzo za kizimba hazimo. Mtu akiliwa, familia inaelekezwa kwenda kufuatilia kifuta machozi serikalini.

Nilimkuta mama mmoja wa makamo akichota maji kwa ndoo iliyofungwa kamba ndefu, yeye akiwa juu ya jiwe, hatua nyingi kutoka ukingoni. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona jana alikuwa jiwe lile jingine.

“Marahaba, mwanangu. Mamba ana kumbukumbu kuliko tajiri wangu,” akasema, akiivuta kamba. “Kesho nitakuwa kule kwenye mkuyu.”