Je, Wajua Kwa Nini Meno ya Watu Wengi wa Arusha Yana Rangi ya Kahawia?

Ukiwa Dar es Salaam ukacheka mbele za watu, hakosekani wa kukuuliza, "Wewe ni mtu wa Arusha, eh?" Hajaona kitambulisho chako wala hajasikia lafudhi. Ameona meno.

Nimekulia upande huu wa Mlima Meru na swali hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni lile linalofuata, mara nyingi kwa sauti ya chini: kwani huko hampigi mswaki? Shule ya msingi tulikuwa na mwenzetu, msichana, aliyekuwa akicheka huku kiganja kimeziba mdomo. Siku moja kwenye ukaguzi wa usafi mwalimu alimtoa mstarini akamwambia arudi nyumbani akasafishe meno. Alikuwa ameyasafisha. Aliyasugua kwa mkaa, akayasugua kwa mchanga laini wa mtoni, mpaka fizi zikatoka damu, na rangi ikabaki palepale. Isingeweza kutoka, maana haikuwa juu ya jino. Ilikuwa ndani.

Tuanze na jino lenyewe. Meno ya mbele ya utu uzima huanza kujengwa ndani ya ufizi mtoto akiwa bado ananyonya, miaka mingi kabla hayajaonekana. Gamba lake gumu la nje, yaani enameli, hujengwa kwa hatua mbili. Kwanza chembe hai husuka kitu kama kiunzi cha protini. Kisha kiunzi hicho huondolewa kidogo kidogo na nafasi yake kujazwa madini, hadi gamba linakuwa gumu kuliko mfupa. Maji anayokunywa mtoto yakiwa na floraidi nyingi, yaani madini ya asili yanayoyeyuka majini, protini huchelewa kuondoka, na gamba hubaki na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Jino hilo likichomoza huwa na mabaka meupe kama chaki. Kahawia huja baadaye, pale rangi za vyakula na vinywaji zinapopenya kwenye vitundu na kukaa humo.

Ndiyo maana aliyehamia Arusha akiwa na miaka 10 anaweza kunywa maji yaleyale kwa miaka 40 na meno yake ya mbele yakabaki meupe, wakati mdogo wake aliyezaliwa hapahapa ana meno ya kahawia. Enameli huwa imekwisha kujengwa mtoto anapofika miaka 8 hivi, ukiacha magego ya mwisho. Kwa hiyo meno ya mtu ni kumbukumbu ya maji ya utoto wake, na kumbukumbu hiyo haifutiki kwa mswaki.

Watu wamelijua jambo hili kwa njia ndefu. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alihamia mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia menoni na hakuna anayejua sababu. Alilifuatilia kwa miaka 30. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipima maji ya maeneo yenye tatizo hilo akakuta floraidi kwa wingi. McKay alikuwa amegundua na jambo jingine: meno yale yenye madoa yalikuwa hayatoboki ovyo. Floraidi kidogo huimarisha jino, na ndiyo sababu imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi huliharibu jino linalojengwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Sasa kwa nini Meru? Hapa daktari wa meno hana jibu, inabidi aitwe mjuzi wa miamba. Meru ni volkano, na mlipuko wake wa mwisho, mdogo, ulikuwa mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana floraidi nyingi, na majivu humeng'enywa na maji upesi. Lakini miamba peke yake haitoshi kueleza. Kwa kawaida maji yenye kalsiamu ya kutosha huikamata floraidi, zikaungana na kutuama kama madini magumu. Maji yanayopita kwenye miamba ya Meru yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi, kalsiamu kidogo. Hakuna cha kuikamata, basi inabaki imeyeyuka na kusafiri hadi kwenye ndoo.

Kadiri maji yanavyokaa ardhini na kushuka mlimani ndivyo yanavyozidi kuibeba. Chemchemi za juu kabisa huwa na nafuu. Ukishuka upande wa mashariki, kule Ngarenanyuki, ambako ubavu mzima wa mlima uliwahi kuporomoka maelfu ya miaka iliyopita na kuacha vilima vidogo vidogo na maziwa ya Momela, kuna vyanzo vinavyozidi miligramu 10 kwa lita. Maziwa yenyewe, pale flamingo wanapokusanyika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana mamia ya miligramu, kwa kuwa maji yake hukauka kwa jua na chumvi zikabaki. Nenda Moshi, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, na maji yatokayo Kilimanjaro kwa sehemu kubwa hayana shida hii.

Wengi hudhani kata ya Maji ya Chai, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, ndiko floraidi inakoonekana kwa macho, kwa kuwa jina lenyewe linataja rangi ya maji. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Maji maangavu kabisa yanaweza kuwa nayo. Na kuchemsha hakusaidii: vijidudu hufa, mvuke huondoka, floraidi hubaki sufuriani, tena ndani ya maji machache kuliko ya mwanzo.

Kuna fumbo jingine ambalo vipimo vya maji peke yake vilishindwa kulifumbua. Watafiti wa afya ya kinywa walikuta vijiji ambavyo maji yake yana floraidi kidogo, lakini watoto wana madoa mazito. Ilibidi waache chupa za sampuli na kuingia jikoni. Jibu lilikuwa kwenye magadi. Kwetu huku makande yasiyotiwa magadi ni kazi ya siku nzima na kuni za siku mbili. Ukidondosha kibonge kidogo, maharage yanalainika upesi. Magadi mengi ya ukanda huu yana floraidi, na mtoto anayeanza kula anasongewa chakula kutoka kwenye chungu hichohicho. Mimi naona huu ndio utafiti bora kuliko wote, maana aliyeufanya alikubali kumuuliza mama anapikaje.

Meno ni sehemu inayoonekana tu. Mtu mzima hutoa sehemu ya floraidi kwa mkojo na iliyobaki huingia mifupani. Mtoto anayekua hubakiza zaidi. Palipo na kiwango kikubwa kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kuuma, na wapo watoto wanaopata matege makali.

Kule Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, na dawa yake kuu imetokana na jambo hilohilo linalotuumiza: mfupa hupenda floraidi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo hadi inakuwa mkaa, husagwa chembechembe, kisha hujazwa kwenye ndoo au tangi maji yapite humo. Floraidi huchukua nafasi yake ndani ya madini ya mfupa kama ambavyo ingefanya kwenye goti la mtoto. Taabu ni kwamba mkaa huo hushiba. Ukishashiba maji yanaendelea kutoka meupe pee, huku floraidi inapita bila kuguswa, na mwenye nyumba hana namna ya kujua bila kupima. Pia wapo wanaouliza mfupa ni wa mnyama gani, na wana haki ya kujibiwa.

Pale Tengeru, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela imelifanya suala hili kuwa moja ya kazi zake. Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza huko chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zilizoundwa kunasa uchafu wa eneo husika, floraidi ikiwemo. Mwaka 2015 lilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa Uingereza, yeye akiwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo.

Kwa miaka mingi kiwango cha floraidi kilichoruhusiwa Tanzania kilikuwa miligramu 4 kwa lita, kwa sababu maeneo kama yetu hayakuwa na maji mbadala. Mwaka 2018 kilishushwa hadi 1.5. Kuandika namba mpya ni rahisi kuliko kuyapata maji hayo, na kusafisha maji yote ya nyumba, ya kufulia na ya ng'ombe, hakuna familia ya kawaida itakayoweza. Ila hakuna haja ya yote. Mtoto wa chini ya miaka 8 anakunywa kiasi gani kwa siku? Lita moja au mbili, pamoja na uji wake. Hayo ndiyo ya kuyapigania kwanza.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Jirani yangu, mama wa watoto watatu, anayakinga kutoka kwenye mabati, mvua ya kwanza akiiacha isafishe paa. Yanakaa kwenye tangi dogo lenye mfuniko, na ndoo yake ya bluu hairuhusiwi kuchotewa maji mengine. Aliwahi kupeleka sampuli ya bomba la mtaani maabara, kwenye chupa ya plastiki kama alivyoelekezwa, na karatasi ya majibu ameibandika ndani ya kabati la vyombo. Wakubwa wake wawili wana meno kama yangu. Wa mwisho ana miaka 4 na meno yake ya utoto ni meupe tu. Ya utu uzima bado yamo ndani ya ufizi, yatachomoza akifika miaka 6 au 7.