Kiinimacho hakichezi na macho

Mtu wa mazingaombwe akipoteza sarafu, utasikia: "Mkono wake mwepesi kuliko jicho!" Hata neno letu kiinimacho linalisingizia jicho. Kumbe jicho halina kosa. Kinachoibwa ni umakini. Anajifanya kuihamishia sarafu mkono wa kulia, anaufumba, anauinua, anaukodolea macho, nasi tunamfuata. Sarafu imebaki kushoto, mkono umelegea pajani, wala hauna haraka.

Mwaka 1999 wanasaikolojia Simons na Chabris, wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliwaonyesha watu video ya wachezaji wakipasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Karibu nusu hawakumwona mtu aliyevaa kama gorila akipita katikati, akijipiga kifua!

Vibaka wa stendi wanalijua hili siku nyingi: mmoja anakukanyaga, mwenzake anachomoa simu.